King'amuzi cha nyumbani kwenye banda la mpira: kosa liko wapi?

Jumamosi jioni, boti zikisharudi bandarini Wesha na samaki wakishauzwa, vijana wengi huwa na safari moja tu: bandani. Mabenchi ya mbao, viti vichache vya plastiki, televisheni moja juu ya meza, na mlangoni mtu anayepokea kiingilio. Kwa dakika 90 banda hilo dogo hubeba watu wengi kuliko ukumbi wowote wa jirani.

Mwenye banda akiguswa kuhusu kibali, jibu lake kwa kawaida ni hili: "Mie nalipia kila mwezi. Sijaiba kitu cha mtu. Sasa kosa langu lipi?"

Swali ni la haki, na jibu lake ni fupi: alicholipia ni kutazama, hakulipia kuonesha. Kati ya maneno hayo mawili kuna mkataba, kuna sheria ya Zanzibar, kuna sheria inayotumika pande zote mbili za Muungano, na kuna adhabu inayoweza kumaliza biashara kwa siku moja.

Haya ndiyo mambo ambayo mwenye banda, mwenye mgahawa na mwenye gesti anapaswa kuyajua kabla barua haijabisha hodi.

Kadi ni ya nyumba moja

Mtu anaponunua king'amuzi kwa wakala, anakubali masharti. Wengi hawayasomi. Kwenye masharti ya vifurushi vya nyumbani huwa kuna jambo moja la msingi: huduma ni kwa matumizi ya familia, nyumbani, bila biashara.

Bei ya kifurushi cha nyumbani imepangwa hivyo hivyo. Kampuni imehesabu baba, mama, watoto na pengine jirani mmoja aliyepita kusalimia. Haikuhesabu watu 60 waliolipa mlangoni.

Kwa wafanyabiashara huwa kuna vifurushi vingine. DStv, kwa mfano, ina huduma yake ya DStv Business kwa ajili ya hoteli, baa, migahawa na ofisi, na bei yake hutegemea aina ya biashara.

Kwa hiyo kadi ya nyumbani ikihamia bandani, kitu cha kwanza kuvunjika ni mkataba. Hata kabla ya polisi au mahakama, kampuni inaweza kukata huduma. Na huduma ikikatwa dakika ya 20 ya mechi ya watani, mwenye banda ana kesi nyingine ya haraka zaidi: watu waliokwisha kulipa wanataka pesa zao.

Mpira ni wa nani?

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. "Mpira ni wa watu wote," husema vijana wa maskani. Mchezo wenyewe, ndiyo, unaweza kusemwa hivyo. Matangazo yake hapana.

Chukua fainali ya Kombe la Mapinduzi ya Januari 13, 2025. Ilichezwa Gombani, Chake Chake, mwendo mfupi tu kutoka Wesha, na Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1. Aliyekuwa uwanjani aliuona mchezo. Aliyekuwa mbele ya televisheni aliona kitu kingine: picha zilizopigwa na kamera za mtu, zikaunganishwa na mafundi wa mtu, zikatiwa sauti ya mtangazaji na kurushwa kwa mitambo ya mtu.

Kazi hiyo ndiyo inayolindwa na sheria, na ndiyo inayouzwa.

Inauzwa kwa pesa nyingi. Mwezi Mei 2021, Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wa kurusha Ligi Kuu ya Tanzania Bara wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Sehemu ya pesa hizo huenda kwa klabu, zikiwemo klabu ndogo zisizo na wadhamini wakubwa.

Kampuni iliyotoa pesa hizo huzirudisha kwa njia ya malipo ya watazamaji na matangazo ya biashara. Banda linalokusanya kiingilio kwa kadi ya nyumbani linauza bidhaa ya kampuni hiyo bila kuigawia chochote. Hivyo ndivyo mwenye haki atakavyolieleza mbele ya hakimu, na ndiyo maana neno "sijaiba" halimsaidii sana mwenye banda.

Sheria ipi inafika Wesha?

Mtu akitafuta mtandaoni, mara nyingi atakutana kwanza na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na jina la COSOTA. Hiyo ni ya Tanzania Bara.

Hakimiliki haimo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Zanzibar ina sheria yake: Sheria ya Hakimiliki Namba 14 ya mwaka 2003. Ofisi inayohusika ni COSOZA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Zanzibar. Mwenye banda wa Wesha akionyeshwa kifungu cha sheria ya Bara, ana haki ya kuuliza kinamhusu vipi.

Lakini asifurahi mapema. Sheria ya Zanzibar nayo haiishii kwa mtunzi wa kitabu au mwimbaji wa taarab. Inawagusa pia watayarishaji wa kazi za sauti na mashirika ya utangazaji. Kituo cha televisheni kina haki juu ya matangazo yake hata kama hakikutunga wimbo wala kucheza mpira.

Pamoja na COSOZA, kuna vyombo vingine viwili ambavyo mwenye banda anaweza kukutana navyo. Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni Zanzibar, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, linasimamia filamu na maonesho ya burudani. Tume ya Utangazaji Zanzibar inasimamia vituo vya redio na televisheni.

Hapo mtu anatakiwa asichanganye mambo. Leseni ya biashara ni ruhusa ya kufanya biashara. Kibali cha burudani ni ruhusa ya kukusanya watu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachompa mtu ruhusa ya kutumia matangazo ya kampuni. Ruhusa hiyo inatoka kwa mwenye matangazo mwenyewe.

Ndivyo ilivyo hata kwa wanaosema "sheha ananijua." Sheha kumjua mtu ni jambo jema kwa usalama wa mtaa. Si hati ya hakimiliki.

Kiingilio ndicho kinachobadilisha mambo

Kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyetoa televisheni barazani ili majirani watazame bure, na mtu aliyeweka kijana mlangoni wa kupokea pesa.

Tofauti hiyo ni ya zamani katika sheria za dunia. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961, unaolinda wasanii watendaji, watayarishaji wa kazi za sauti na mashirika ya utangazaji, unayapa mashirika ya utangazaji haki ya kuruhusu au kukataza matangazo yao ya televisheni yasioneshwe mahali pa watu wote panapotozwa kiingilio. Neno kiingilio limetajwa pale pale kwenye ibara ya 13.

Baadaye likaja swali: kiingilio ni nini hasa? Je, bei ya chai si kiingilio cha mlango wa nyuma?

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililijibu swali hilo Februari 16, 2017, katika shauri la hoteli moja ya Austria. Ilisema kiingilio ni malipo yanayotolewa mahsusi ili kutazama matangazo. Bei ya chumba cha hoteli haihesabiki kuwa kiingilio, kwa sababu mgeni analipia malazi. Vivyo hivyo, mtu anayelipia chakula au kinywaji mahali penye televisheni hajalipa kiingilio.

Hukumu ya Ulaya haimfungi hakimu wa Chake Chake. Lakini inasaidia kuonesha mstari ulipo. Mkahawa wenye televisheni ukutani na banda lenye mtu mlangoni haviko sawa, na banda ndilo lililo kwenye hatari kubwa zaidi.

Hata hivyo mwenye mkahawa asijione ameokoka. Mkataba wake na kampuni bado unasema kadi ni ya nyumbani. Na wapo wanaotoza kiingilio kwa kukipa jina jingine: "lazima ununue soda ndiyo uingie," na soda bei yake mara mbili siku ya mechi. Jina likibadilika, pesa bado ni ile ile, na atakayeitazama ataiona.

Hata FIFA, ambayo hutoa kanuni zake za maonesho ya hadhara kila Kombe la Dunia, huanza na maswali ya namna hiyo: kuna kiingilio? Kuna mdhamini? Onesho likiwa la biashara, masharti yake ni mengine.

Anayetumia simu na linki yuko pabaya zaidi

Siku hizi baadhi ya mabanda hayana hata king'amuzi. Kijana ana bando, ana simu au kompyuta, anatafuta linki ya bure mtandaoni, anaunganisha waya kwenye televisheni, mchezo umeanza.

Wengi wanadhani hii ni nafuu kwa sababu hakuna kadi wala mkataba uliovunjwa. Kisheria inaweza kuwa kinyume.

Sheria ya Makosa ya Mtandao Namba 14 ya mwaka 2015 inatumika Bara na Zanzibar pia, isipokuwa kifungu chake kimoja, cha 50. Kifungu cha 24 kinakataza mtu kutumia mfumo wa kompyuta kwa nia ya kukiuka haki za ubunifu zinazolindwa na sheria yoyote iliyoandikwa.

Adhabu imegawanywa mara mbili:

- Kama ukiukaji si wa kibiashara: faini isiyopungua Sh5 milioni, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

- Kama ni wa kibiashara: faini isiyopungua Sh20 milioni, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili.

Juu ya hayo, mahakama inaweza kuamuru mkosaji amlipe fidia aliyeathirika.

Neno la kuangaliwa hapo ni "isiyopungua." Sheria nyingi huweka kiwango cha juu na kumwachia hakimu nafasi ya kushuka. Hii imeweka kiwango cha chini. Mtu akitiwa hatiani kwa ukiukaji wa kibiashara na adhabu ikawa faini, hesabu inaanzia Sh20 milioni. Banda linalotoza mia chache kwa kichwa lingehitaji misimu mingapi ya ligi kuzipata?

Kwa mahakama kufika huko, upande wa mashtaka lazima uthibitishe nia. Na nia haionekani kwa macho. Huonekana kwa vitendo: tangazo lililobandikwa mlangoni, ujumbe wa kualika watu kwenye kundi la simu, daftari la mapato, au barua ya onyo iliyopokelewa ikawekwa chini ya godoro.

Wanajuaje?

Swali jingine linaloulizwa sana: kampuni iko mbali, itajuaje kinachoonekana Wesha?

Njia ya kwanza ni ya kawaida kabisa. Mtu anakuja, analipa kiingilio kama wengine, anakaa, anatazama, anapiga picha. Pengine ni mkaguzi wa kampuni. Pengine ni wakala ambaye mauzo yake yameshuka. Pengine ni mwenye banda jirani aliyelipia kifurushi cha biashara na anakereka kuona mwenzake anatoza nusu ya bei yake.

Njia ya pili iko kwenye skrini. Kampuni za televisheni za kulipia zina uwezo wa kurusha namba fupi inayotokea kwenye picha kwa muda mfupi. Kila king'amuzi kina namba yake. Picha moja ya simu ikinasa namba hiyo, kampuni inajua kadi ni ya nani na ilisajiliwa kwa matumizi gani.

Uingereza, Sky hutumia alama ya bilauri ya bia kwenye kona ya skrini kwa wateja wake wa baa. Mkaguzi akiingia baa na alama haipo, hana haja ya kuuliza mengi.

Na siku hizi kuna njia ya tatu: watu wenyewe. Bao likifungwa, vijana kumi wanarekodi shangwe na kurusha mtandaoni, skrini ikionekana nyuma yao na jina la banda likiwa ukutani.

Kitakachomkuta mwenye banda

Hatua hazifuatani kwa mpangilio mmoja kila mara, lakini madhara yenyewe ni haya.

*Kukatiwa huduma.* Kampuni haihitaji mahakama kwa hili. Mkataba unatosha.

*Barua ya onyo.* Wakili wa kampuni anaandika, anataka mwenye banda aache, na mara nyingine alipe. Barua hii si ya kuchezea. Kabla ya barua mtu anaweza kusema hakujua. Baada ya barua, neno hilo halina nguvu tena.

*Kesi ya madai.* Mwenye haki anaweza kuiomba mahakama imzuie mwenye banda kuendelea kuonesha, na imwamuru alipe fidia. Hapa deni la mahakama linaweza kufuata mali: televisheni, jenereta, hata banda lenyewe.

*Kesi ya jinai.* Hapa Serikali ndiyo inayoshitaki. Vifaa vinaweza kuchukuliwa kama vielelezo, na kielelezo hukaa kituoni au mahakamani mpaka kesi iishe. Kwa mtu ambaye televisheni ndiyo duka lake, hiyo ni adhabu kabla ya hukumu.

*Doa kwenye biashara.* Aliyewahi kutiwa hatiani atajieleza zaidi anapoomba vibali vingine.

Na kuna mtu mwingine ambaye husahaulika: fundi. Yule anayechukua kadi moja na kuvuta waya kwenda mabanda matatu hajaonesha tu, amegawa matangazo. Naye anaweza kujikuta kwenye kesi, hata kama mfukoni mwake kiliingia kitu kidogo tu.

Mama mwenye baa aliyefika mahakama ya Ulaya

Kesi mashuhuri zaidi ya aina hii haikuanzia kwenye kampuni kubwa. Ilianzia kwenye baa ya mtaani Portsmouth, Uingereza.

Mwenye baa, Karen Murphy, aliona bei ya kifurushi cha biashara cha Sky ni kubwa mno. Akanunua king'amuzi cha Ugiriki, akakilipia kihalali kwa bei ya chini sana, na kuonesha mechi za Ligi Kuu ya England. Alishitakiwa, akatiwa hatiani, na kutakiwa kulipa karibu pauni 8,000 za faini na gharama.

Hakukubali. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo Oktoba 4, 2011 ilisema mtu ndani ya Umoja huo hawezi kukatazwa kutumia king'amuzi kilichouzwa kihalali katika nchi nyingine ya Umoja. Februari 2012, Mahakama Kuu ya London ikafuta hatia yake.

Wengi waliishia hapo na kushangilia. Lakini hukumu ilikuwa na upande wa pili. Mahakama ilisema mechi yenyewe si kazi ya ubunifu inayolindwa na hakimiliki, ila vitu vilivyomo ndani ya matangazo vinalindwa: video ya kufungulia, wimbo wa ligi, michoro ya kwenye skrini. Na kuvionesha vitu hivyo baani ni kuvipeleka kwa umma, jambo linalohitaji ruhusa ya mwenyewe.

Kwa lugha ya Wesha: kadi ilikuwa halali, kuonesha bado kulihitaji ruhusa.

Somo hili linawagusa hata wanaotegemea king'amuzi kilicholetwa na ndugu kutoka Maskati au Dubai. Kampuni za Ghuba zimenunua haki za kurusha kwenye eneo lao. Soko la pamoja la Ulaya lililomwokoa Murphy halipo kati ya Oman na Pemba. Aliyelipia kadi ya Ghuba amelipia kutazama Ghuba.

Marekani wanahesabu vichwa

Wazanzibari na Waafrika Mashariki wenye migahawa Marekani wanajua upande mwingine wa jambo hili: mapambano ya ndondi na UFC yanayouzwa kwa malipo ya kila pambano.

Nyumbani mtu hulipia pambano moja, akaita marafiki, basi. Mgahawa hutakiwa kulipa bei ya biashara, ambayo mara nyingi hupangwa kwa kuangalia idadi ya watu ambao jengo linaweza kuchukua. Kampuni kama Joe Hand Promotions, inayouza haki hizo kwa baa na migahawa, hutuma wachunguzi usiku wa pambano. Wanahesabu televisheni, wanahesabu watu, wanaandika kama kuna kiingilio, kisha wanatoa maelezo yao kwa kiapo.

Sheria ya shirikisho, kifungu cha 605, inaruhusu mahakama kutoza kati ya dola 1,000 na dola 10,000 kwa kosa moja. Ikithibitika kuwa mtu alifanya kwa makusudi na kwa faida, mahakama inaweza kuongeza hadi dola 100,000. Biashara ndogo nyingi zimefika mahakamani kwa pambano la usiku mmoja.

Na kule pia, "nililipia kwenye akaunti yangu ya nyumbani" si utetezi uliowasaidia wengi.

Gesti na hoteli ndogo

Pemba ina gesti na hoteli zinazopokea wageni wanaokwenda Misali na sehemu nyingine. Mwenye gesti anaweza kusema yeye haoneshi mpira, ameweka tu televisheni vyumbani.

Ulaya jambo hilo liliamuliwa zamani. Desemba 7, 2006, katika shauri la chama cha watunzi cha Hispania, SGAE, dhidi ya Rafael Hoteles, mahakama ilisema hoteli inayosambaza matangazo kwenye televisheni za vyumbani inayapeleka kwa umma, hata kama kila mgeni anatazama peke yake chumbani.

Kwa hiyo king'amuzi kimoja cha nyumbani kinachogawiwa vyumba nane kwa waya ni jambo la kuulizia mapema, si la kusubiri mkaguzi.

Afanye nini basi?

Kufunga banda si jibu pekee. Kuna hatua ambazo mwenye banda anaweza kuzichukua bila kupoteza wateja.

*Kwanza*, aulize kifurushi cha biashara. Aende kwa wakala au aipigie kampuni, aseme wazi: nina banda, nina viti kadhaa, natoza kiingilio. Aseme ukweli wote, kwa sababu ruhusa iliyopatikana kwa kuficha kiingilio haitamlinda siku ya kiingilio.

*Pili*, apate jibu kwa maandishi. Maneno ya wakala dukani, "we onesha tu, hakuna tabu," hayana uzito mahakamani. Ujumbe wa simu kutoka kwa kampuni au barua ina uzito.

*Tatu*, aulize COSOZA. Banda linalopiga muziki kabla ya mechi na wakati wa mapumziko linatumia kazi za wasanii pia, na hilo ni suala tofauti na mpira. Hana haja ya kupanda boti kwenda Unguja kwa swali la kwanza: wizara za Serikali ya Mapinduzi zina Maafisa Wadhamini wao Pemba, na ofisi zao zinaweza kumwelekeza.

*Nne*, atunze risiti. Risiti za malipo, nakala ya mkataba, kibali cha burudani, leseni ya biashara. Vyote kwenye faili moja bandani, vionekane mkaguzi akiingia.

*Tano*, aachane na linki. Hata mwenye kadi halali anayekimbilia linki umeme wa dishi ukisumbua anajiingiza kwenye sheria ya mwaka 2015 bila kujua.

*Sita*, barua ikija asiikalie. Aache kuonesha matangazo yanayolalamikiwa, atafute mwanasheria au msaada wa kisheria, na ajibu. Mengi ya mashauri haya yanaweza kuisha kwa makubaliano kama mtu hakuonekana mkaidi.

Kuna wazo jingine ambalo baadhi ya mabanda yanaweza kulifikiria: kushirikiana. Mabanda mawili yanayogombea wateja wale wale yanaweza kuwa ukumbi mmoja wenye kifurushi kimoja cha biashara. Gharama inagawanyika na hofu inapungua.

Wenye haki nao wana la kufikiria

Ni kweli pia kwamba kijana wa Wesha asiye na king'amuzi nyumbani hana pengine pa kutazamia. Banda ndilo linalomfanya aijue ligi, aipende timu, na siku akipata kazi anunue king'amuzi chake mwenyewe.

Kifurushi cha biashara kilichopangwa kwa hesabu ya baa ya mjini hakiwezi kulipwa na banda la mabati lenye mabenchi sita. Bei ikiwa ya juu kuliko mapato ya mwezi, mwenye banda hachagui kati ya halali na haramu. Anachagua kati ya haramu na kufunga. Kampuni inayotaka pesa yake kutoka mabandani italazimika kupanga bei ambayo banda linaiweza.

Lakini mpaka hapo patakapofikiwa, sheria haitasubiri. Mwenye banda anayesema "nalipia kila mwezi" anasema kweli, na risiti anazo. Kinachokosekana kwenye risiti hizo ni ruhusa ya watu 60 waliokaa mbele ya televisheni yake, na hiyo ndiyo atakayoulizwa.